Saini yangu iko kwenye vumbi la bamdogo

Shikamoo anti. Mimi ni msichana wa miaka 27 nipo hapa Dodoma, naomba jina langu lisitoke maana huu mji ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, hasa sisi wa ujenzi tunajuana wote.

Naanzia mbali kidogo unisamehe. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na bamdogo ndo kanisomesha, ada ya sekondari mpaka diploma ya ujenzi, siku ya mahafali alikuja na fuso la kampuni limejaa ndugu wanapiga vigelegele tangu getini. Nilipomaliza sikuzunguka na bahasha kama wenzangu, akaniambia njoo ofisini mwanangu. Kampuni yake ni ndogo, kazi nyingi ni za ukarabati, mimi pale nafanya makaratasi na pia ndo mtu wa sefti, yaani usalama kazini, nilienda kozi ya siku chache nikapata cheti, basi.

Mwezi wa saba tukapata kazi ya nyumba nane za zamani, sitasema za nani wala mtaa gani. Zile za miaka ya sabini na kitu, ukuta mnene, madirisha ya nyavu, na juu zile shiti za kijivu za mawimbi. Kazi yetu ni kushusha paa lote kuweka bati la kisasa, kubadili kenchi zilizooza, silingbodi, plasta, rangi. Siku ya kwanza nikagonga shiti moja kwa kalamu ikalia kama chungu, sio kama bati, na pale kwenye kona ilipokatika nyuzinyuzi zimetokeza kama mkonge uliokatwa na panga butu. Kwenye kozi tulionyeshwa picha za hivyo hivyo, nikajua hii asbesto, zile nyuzi zinazoharibu mapafu.

Nikamwambia bamdogo, akacheka akasema hivyo ni vigae vya kizamani tu, sisi bwenini tumelala chini ya hivyo miaka minne na tupo. Ila aliniacha niandike mpango wa kazi na nikauandika vizuri tu, shiti ziloweshwe maji kwanza, bolti zifunguliwe bila kuvunja, watu wavae ovaroli na barakoa zenye filta, kila kitu kifungwe kwenye nailoni nzito. Akasaini, nikasaini, ukaenda kwenye faili la mhandisi msimamizi. Siku ya pili foromani kapanda juu na nyundo.

Bolti zimeshika kutu kwahiyo hawahangaiki kufungua, wanapiga, shiti inapasuka inaenda chini puu, na upepo wa huku mwezi wa nane unaujua mwenyewe, vumbi linavuka ukuta mpaka kwa mama ntilie anayetupikia wali maharage chini ya mwarobaini. Yule mama anafunika sufuria anasema leo mnatupaka poda. Vibarua wako 14, mdogo wangu wa mwisho yumo, ana miaka 19, kazi yake kukusanya vipande. Niliwanunulia zile barakoa za bluu za hospitali boksi mbili kwa hela yangu, siku ya tatu wamezishusha kidevuni maana joto. Shiti zilizotoka nzima foromani anauza elfu tatu tatu kwa watu wa mabanda ya kuku, vipande vinapakiwa kirikuu vinaenda kama kifusi cha kushindilia viwanja. Na shiti kumi na mbili bamdogo kampelekea mama kijijini huko Bahi, jiko lake lilikuwa linavuja, mama kanipigia simu kafurahi mpaka basi.

Sasa Ijumaa moja bamdogo kaniletea ripoti ya sefti ya mwezi, imeshachapwa tayari, imeandikwa shiti zote zimeondolewa kwa kufuata utaratibu na kutupwa eneo lililoidhinishwa. Nikamuangalia. Akasema weka saini mwanangu, malipo ya awamu yanasubiri hilo karatasi. Nikasaini anti. Nyumba tatu zimeisha, bado tano.

Usiku silali. Nikiripoti OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, bamdogo anafungwa, kampuni inakufa, ukoo wote unaniona nyoka. Nikikaa kimya wale vijana watakufa na mimi ndo nimewaua kwa kalamu. Na mama akijua nimemshitaki mtu aliyetulea atasema nimemzika baba mara ya pili. Anti nimripoti au ninyamaze?

Mtu wa sefti, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia asubuhi na chai, na kabla sijasema lolote nikuambie kitu nilichokiona. Bamdogo umemwandikia karibu barua nzima. Mama yako, ambaye anapika chini ya shiti kumi na mbili, umempa sentensi mbili hivi. Sikulaumu, aliyekushika moyo ndo anayejaza karatasi, ila nitarudi kwa mama.

Nikikusoma vizuri mambo yako ni matatu yamejifunga pamoja kama nywele za mtoto asiyesukwa. Kuna vumbi. Kuna saini. Na kuna deni la ada. Wewe unayabeba kama jambo moja ndo maana unaona njia mbili tu, kuripoti au kunyamaza. Tuyafungue moja moja, na mimi sitakwambia fanya hivi, maana mwisho wa siku utakayekaa nao Krismasi ni wewe sio mimi.

Tuanze na vumbi, maana lenyewe halisubiri kikao.

Hizo shiti nazijua. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na paa hizo hizo, na nakwambia watu walizipenda, jua la Dodoma linapiga wewe ndani umepoa, na mvua ikishuka juu ya bati humsikii mwalimu lakini chini ya zile ilikuwa inasikika kwa mbali kama mtu anachekecha unga. Kwahiyo bamdogo aliposema tumelala chini yake na tupo, hajasema uongo. Ana nusu ya ukweli. Shiti ikiwa nzima, haijaguswa, zile nyuzi zimeshikwa na saruji, mara nyingi ni kama sehemu 10 mpaka 15 kwa mia ya shiti yenyewe, zilizobaki ni saruji. Hatari inaanza pale unapopiga nyundo, unapokata na msumeno, unapofagia vipande. Hapo nyuzi zinaachia, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, huzioni, zinaelea, ukizivuta zinazama chini kabisa kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Nusu nyingine ya ukweli ya bamdogo ndo hii, na pengine hakuna aliyewahi kumweleza hivyo, wewe ulimwambia "ni asbesto" akasikia neno la kwenye kozi.

Ila na wewe naomba nikusogeze kidogo. Umesema nikajua hii asbesto. Kwa umri wa nyumba na ulivyoeleza hata mimi ningesema hivyo, lakini jicho sio maabara. Ulishapeleka kipande kupima? Hilo sio swali la kukurudisha nyuma, mpaka ithibitike vinginevyo unaihesabu ni asbesto na unafanya kazi hivyo. Nauliza kwa sababu karatasi ya maabara ni kitu ambacho bamdogo hawezi kukicheka, na mhandisi msimamizi hawezi kukiweka chini ya faili. Kipande kidogo kilichodondoka tayari, kiloweshe, mifuko miwili, kisha uliza OSHA au ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kinapelekwa wapi kupimwa.

La pili umesema vijana watakufa na umewaua kwa kalamu. Hapana mwanangu, polepole. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, hilo halina mjadala, ya mapafu, ya koo, ya ile ngozi inayozunguka mapafu, na kuna ugonjwa wa mapafu kukakamaa. Lakini hatari inakwenda na kiasi na muda. Mtu aliyevuta wiki tatu sio sawa na aliyevuta miaka ishirini kiwandani. Hakuna kiwango unachoweza kusema hiki hakina neno kabisa, lakini pia wiki tatu sio hukumu ya kifo. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida unachukua miaka 20 mpaka 40 kujitokeza, ndo maana ukiwakimbiza wote leo wakapige eksirei itatoka safi na bamdogo atakuonyesha, unaona sasa? Kitu cha maana zaidi kuliko eksirei ni daftari. Majina yao, tarehe, nyumba gani, nani alikuwa juu nani alikuwa chini. Mdogo wako akifika miaka 50 akaenda hospitali anakohoa, daktari atamuuliza umewahi kufanya kazi gani, na atakuwa ameshasahau. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unalipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi, lakini kibarua asiyeandikwa popote atathibitishaje kwamba alikuwepo? Na wanaovuta sigara uwaambie bila kuwaficha, asbesto na sigara kwenye mapafu hazijumlishwi, zinazidishana.

Maana hapo kuna kitu umekiruka. Unajadili na mimi kama uwaambie serikali, hujasema kama umewaambia wao. Wale 14 na yule mama wa wali maharage. Hivi hawana haki ya kujua wanachopakwa? Unaogopa watakimbia kazi labda, au watamwambia bamdogo. Inawezekana. Kibarua wa elfu kumi na tano kwa siku anaweza kukujibu dada njaa inaua haraka kuliko vumbi, na hutakuwa na la kumjibu. Lakini kati ya kumi na wanne hata watatu wakiamua kulowesha kwanza na kuhamisha sufuria upande upepo unakotokea, vumbi la nyumba ya nne sio la nyumba ya tatu.

Na kulowesha sio gharama, hilo nataka ulifikirie sana. Pampu ya mgongoni ile ya kupulizia zabibu, mpya sio yenye dawa, maji na sabuni kidogo. Bolti ikigoma inakatwa yenyewe, shiti haiguswi. Shiti inashushwa kwa mikono miwili watu wawili, haitupwi. Hakuna fagio kavu. Nguo za kazi zinabaki saiti, hazirudi nyumbani kwa mke kufuliwa, huko kwa wenzetu kuna wanawake waliougua hawajawahi kukanyaga kiwanda, walikuwa wanafua ovaroli tu. Kinachogharimu kweli ni barakoa zenyewe zenye filta, zile za bluu hazizuii kitu kwenye hili, pamoja na nailoni na usafiri mpaka mahali panaporuhusiwa.

Hapo kwenye gharama ndo nataka kumwangalia bamdogo kwa jicho lingine, na nisamehe nikionekana namtetea. Hivi kwenye BOQ ya hiyo kazi, ile orodha ya kazi na bei zake, asbesto imeandikwa? Maana nimekaa na wakandarasi wadogo nawajua, mara nyingi imeandikwa mstari mmoja tu, ondoa paa la zamani, basi, na mtu anaweka bei ya kuondoa bati. Akishashinda tenda hana pa kuitoa hela ya kuondoa sumu. Inawezekana bamdogo hajaamua kuua watu, kabanwa na bei aliyoiweka mwenyewe, na anaona aibu kukwambia. Kama ni hivyo kuna mlango wa tatu ambao barua yako haikuugusa, kurudi kwa mhandisi msimamizi na kwa mwenye nyumba na kusema tumekuta kitu hakikuwa kwenye mkataba, nyumba tano zilizobaki zinahitaji bei nyingine. Bamdogo anaweza kwenda huko akiwa na uso wake, hajashitakiwa na mtu. Hatari yake unaiona, watauliza na zile tatu mlifanyaje? Na ripoti yenye saini yako itatolewa kwenye faili pale pale mezani.

Kwahiyo saini. Ilikuuma na ni halali ikuume, sitakupoza. Ulisaini jambo ambalo uliliona kwa macho yako si kweli, na kisheria siku kitu kikiharibika jina lililo pale ni lako, bamdogo anaweza kusema mimi nilimwamini mtu wangu wa sefti. Sisemi atasema hivyo. Nasema karatasi haina undugu. Swali la kujiuliza sio tu ile ya kwanza nifanyeje, ni ripoti ya pili inakuja lini. Unaweza kukataa hiyo. Unaweza kuandika yako mwenyewe yenye ukweli ukamkabidhi na kubaki na nakala. Unaweza kuandika barua ya kurekebisha ile ya kwanza. Kila moja ina bei yake, ya kwanza ni ugomvi wa ofisini, ya tatu inaweza kusimamisha malipo ya kampuni nzima pamoja na mshahara wako. Kabla ya hiyo ya tatu ongea na mwanasheria au msaidizi wa kisheria, usijiandikie ushahidi peke yako saa saba usiku.

Sasa OSHA. Umesema nikiripoti anafungwa. Umelitoa wapi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ina adhabu, ndio, na kesi zinaweza kufika mahakamani, lakini mkaguzi sio polisi wa mtaani na pingu. Wana uwezo wa kuandika nini kirekebishwe na kwa muda gani, au kusimamisha kazi pale penye hatari kubwa. Kwa upande wa taka kuna NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, taka za asbesto zinahesabika taka hatarishi, hazibebwi na kirikuu cha mtu yeyote bila kibali wala hazishindiliwi kwenye kiwanja, na huko nakiri ndo naona pagumu zaidi kwa bamdogo kuliko kwenye nyundo, maana kifusi kimeshasambaa na watu wameshajenga juu yake pengine. Kadri siku zinavyokwenda kinazidi kutofuatilika.

Unaweza pia kwenda OSHA bila kutaja kampuni, kuuliza tu kama mtu wa sefti, jamani nikikutana na paa la hivi utaratibu ukoje. Wengi hawajui kwamba ofisi hizi zinaulizwa pia, sio kushitakiwa tu. Na ukiamua kutaja, kuna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Ila tuambiane ukweli, saiti ya watu 14 na mtu wa sefti mmoja, hata usipoweka jina bamdogo atajua kabla chai haijapoa. Sheria inaweza kukulinda kazini, haikai na wewe kwenye kikao cha ukoo.

Kunyamaza nako ni njia, tusijifanye haipo. Watu wengi wananyamaza na wanazeeka vizuri tu. Kwako nina wasiwasi nayo kwa sababu moja, umeshajaribu wiki kadhaa na silali ndo neno uliloniandikia. Na ukiacha kazi ukaondoka kimya, saini inabaki faili lile lile na saiti inabaki bila hata yule mmoja aliyejua kugonga shiti kwa kalamu.

Deni la ada sasa. Unasema amenilea, kana kwamba aliyekulea hawezi kuambiwa. Alikusomesha ujenzi mwanangu. Alilipa hela ili siku moja kwenye familia awepo mtu anayejua hivi vitu. Labda hataki kusikia, inatokea, lakini hujawahi kumwambia zaidi ya ile mara moja na akacheka, na siku ya saini ulimuangalia tu. Kumuangalia sio kumwambia. Kuna mtu wa rika lake anayemsikiliza? Shangazi, mjomba, mzee wa kanisani au msikitini? Sio kwenda kumsema, ni kukaa nawe pembeni ukiongea ili asikuone mtoto aliyevimba kichwa na diploma. Ukienda nenda na hesabu za nyumba tano, bei ya barakoa na nailoni, na jina la mdogo wako aliyeko chini anaokota. Rwanda wana mpango wa nchi nzima wa kuondoa mapaa haya, Afrika Kusini waliochimba asbesto wenyewe miaka na miaka wameipiga marufuku tangu 2008, sio kwamba wewe unaota. Hatari ya mazungumzo haya ni kwamba atakwambia nimekuelewa mwanangu, na Jumatatu nyundo iko juu. Amua mapema, kabla hujaingia chumbani kwake, Jumatatu hiyo ikifika utafanya nini.

Nilisema nitarudi kwa mama. Ile shiti ikiwa imeshafungwa juu na haijapasuka usikimbilie kuibomoa, ukipanda na hasira ukaivunja utafanya kilekile cha foromani. Ninachokiogopa ni chini. Walikata wapi, nani alishika msumeno, vipande viko wapi, na kama anafagia lile vumbi kila asubuhi. Kitambaa chenye maji badala ya fagio, vipande viloweshwe vifungwe kwenye nailoni mbili viwekwe mbali na watoto mpaka ujue vinaenda wapi. Na kama jiko ni la kuni, shiti hizo moto mkali ukizipata karibu hupasuka kwa kishindo, angalia umbali kati ya mafiga na paa. Mbeleni zitoke zote na bati liingie, hilo ni la kupanga na kuchangishana, hata na bamdogo.

Nenda Bahi Jumamosi hii kama unaweza. Usimpeleke mama kwenye kesi ya bamdogo kwanza, mwonyeshe tu kona ya shiti ilipokatwa na zile nyuzi. Halafu niandikie alichosema, na kama kuna vipande kawaezekea kuku, jiandae, atakuuliza sasa walale wapi.